Namba Kabla ya Gari: Kukisia Nguvu za Sedani ya Kasi Ambayo Haijatoka

Sedani ya kasi ikikaribia kuzinduliwa, idadi ya farasi wake hutangulia kufika. Huyu anasema 650, yule 700, wa tatu anaapa ni 750 kwa kuwa toleo lililopita lilikuwa na 600 na "lazima waongeze". Wote wanajibu swali moja: injini hii inaweza kutoa farasi wangapi? Swali hilo halifiki popote, maana injini za turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) za siku hizi zinaweza kutoa nguvu kuliko zinavyoandikiwa. Ndiyo sababu mafundi wa programu wanapata riziki kwa kuongeza farasi bila kufungua hata nati moja. Swali lenye jibu ni jingine: nini kitaizuia? Huwa ni giaboksi, au joto, au sheria ya moshi, au kaka yake mkubwa kwenye orodha ya bei ya kampuni ileile. Ukishakijua kizuizi, umeikaribia namba.

Farasi wa nani?

Kabla ya kukisia chochote, geuza kila namba iwe kilowati. Farasi wa Ulaya, anayeandikwa PS, ni wati 735.5, farasi wa Marekani, HP, ni wati 745.7. Tofauti ni asilimia 1.4 tu, lakini kwenye gari la farasi 700 inafika karibu farasi kumi, na ubishi mwingi wa mitandaoni unaishi ndani ya hao kumi. BMW M5 iliyotoka 2024 ina kW 535. Ujerumani hizo ni 727 PS, Marekani ni 717 HP. Mercedes-AMG C63 S E Performance ina kW 500, yaani 680 PS au 671 HP. Kwa hiyo mvumi mmoja akiandika 717 na mwenzake 727, hakuna injini mbili hapo. Kuna bahari ya Atlantiki katikati.

Namba ya kiwandani nayo si mizani ya sonara. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa, inayotumika Ulaya kupima nguvu, inaikubali namba iliyotangazwa mradi kipimo kisipishane nayo kwa zaidi ya asilimia 2, na magari yanayotoka kwenye mstari wa uzalishaji yameachiwa hadi asilimia 5. Kwa gari la 600 PS, asilimia 5 ni farasi 30. Halafu zipo namba za adabu. Watengenezaji wa Japani waliafikiana kutotangaza zaidi ya 280 PS, na makubaliano hayo yaliyoanza 1989 yalishikiliwa hadi Honda Legend ilipotoka na 300 PS mwaka 2004. Nissan Skyline GT-R ilipita vizazi vitatu, R32, R33 na R34, yote ikiandikiwa 280 ileile. Aliyekuwa akikisia nguvu za R34 kwa hesabu za injini alikuwa anapoteza muda. Jibu lilikuwa mezani kabla injini haijachorwa.

Torki kwa lita

Nguvu ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ikizidishwa kwa mizunguko. Kwa vipimo vya kawaida: kW = Nm × mizunguko kwa dakika ÷ 9549 (Nm ni nyutonimita, kipimo cha torki). Kanuni hii ni ya lazima kwa mvumi yeyote, kwani inamlazimisha kusema farasi hao wanapatikana kwenye mzunguko gani.

Kipimo kinachofuata ni torki kwa kila lita ya ujazo wa injini. Kinaonyesha silinda zinakandamizwa kiasi gani, na hakidanganyiki kwa urahisi. Injini isiyo na turbo haivuki sana Nm 100 hadi 120 kwa lita: V10 (silinda kumi) ya lita 5.0 ya BMW M5 ya kizazi cha E60 ilitoa Nm 520, yaani 104 kwa lita, ikafikisha 507 PS kwa sababu ilizunguka hadi 7750. Injini za turbo zimesambaa zaidi. V8 ya lita 4.4 ya M5 ya kizazi cha F90, kilichoitangulia ile ya 2024, ilitoa Nm 750, karibu 171 kwa lita. Injini ya lita 3.0 ya BMW M3 Competition ya sasa inatoa Nm 650, kama 217 kwa lita. Ile ya AMG ya silinda nne, M139, ilipotoka na 421 PS na Nm 500 kutoka lita 2.0, ilikuwa kwenye 251.

Sasa chukua uvumi tuupime: "lita 3.0, turbo mbili, 600 PS." Hizo ni kW 441. Tuseme kilele cha nguvu kiko kwenye mizunguko 6500. Torki inayotakiwa pale ni 441 × 9549 ÷ 6500, yaani Nm 648, au 216 kwa lita. Ukitazama haraka utasema, mbona M3 Competition inazo 217 tayari? Inazo, lakini kati ya mizunguko 2750 na 5500. Ikifika 6250, ambako 510 PS zake hupatikana, torki imeshuka hadi Nm 573, kama 191 kwa lita. Uvumi huu basi unadai torki ya kilele ishikiliwe hadi karibu na mstari mwekundu. Inawezekana? M139 kwenye mizunguko 6750 bado iko kwenye 220 kwa lita, kwa hiyo ndiyo. Ipo pia njia ya pili: Nettuno, V6 ya lita 3.0 ya Maserati, inatoa 630 PS ikiwa na 197 tu kwa lita, kwa sababu inazunguka hadi 7500 kabla ya kufika kileleni. Anayetabiri 600 PS kutoka lita 3.0 aeleze amechagua njia ipi. Picha ya dashibodi yenye mstari mwekundu kwenye 7200 inamfungia ile ya Maserati.

Dokezo dogo hapa. Torki ikiandikwa kuwa sawa kutoka mizunguko 1800 hadi 5600, kama ilivyokuwa kwa M5 ya 600 PS, usifikiri ni injini yenye tabia njema kupita kiasi. Kompyuta ndiyo inayoibana. Katikati ya mstari ule ulionyooka injini ina zaidi ya kutoa. Anayekataa ni mwingine.

Hewa, joto na mafuta

Ukitaka kwenda chini zaidi ya torki, hesabu hewa. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja kwa kila mizunguko miwili. Lita 3.0 kwenye 6500 hujazwa mara 3250 kwa dakika, ambayo ni lita 9750 kwa dakika au 162.5 kwa sekunde. Turbo ikiweka shinikizo kamili la baa 2.4 (ukijumlisha la anga) na intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) ikirudisha hewa kwenye nyuzi 45, kila lita ina gramu 2.63 za hewa. Punguza asilimia 5 kwa kuwa silinda hazijai kikamilifu. Zinabaki gramu 406 kwa sekunde. Kwa uwiano wa hewa 12.5 kwa mafuta 1, petroli inayochomwa ni gramu 32.5 kwa sekunde, kilo 117 kwa saa. Injini ya aina hii ikisukumwa hadi mwisho hula gramu 300 hivi kwa kila kilowati-saa. Matokeo: kW 390, au 530 PS.

Faida ya hesabu hii ni kwamba inaonyesha kitu gani kikiguswa kinaharibu nini. Intakula ikizidiwa na hewa ikapanda kutoka nyuzi 45 hadi 65, msongamano unashuka kwa asilimia 6, farasi 30 wameyeyuka. Na si hao tu: hewa ya moto huifanya injini ianze kugonga, kompyuta inachelewesha cheche, farasi wengine wanafuata. Kwa hiyo prototaipu (gari la majaribio kabla ya uzinduzi) ikionekana na rejeta za ziada mbele ya magurudumu na matundu ya bampa yaliyopanuliwa, hizo ni habari kubwa kuliko mabomba manne ya ekzosi, ambayo ni pambo.

Kwa upande wa mafuta, dirisha ni dogo. Kwenye mizunguko 6500 mzunguko mmoja wa kranki huchukua milisekunde 9.2, na nozeli ya sindano ya moja kwa moja inatakiwa kumaliza kazi ndani ya muda huo au pungufu. Ndiyo maana shinikizo la pampu limepandishwa hadi baa 350. Habari za pampu mpya au nozeli kubwa zikivuja, zichukulie kwa uzito. Hakuna anayebadilisha pampu kwa ajili ya farasi kumi.

Kizuizi kinachozidi kukua ni moshi. Kwa miaka mingi injini za turbo zilijipoza kwa kunyunyiza petroli kupita inayohitajika. Uwiano unaochoma kila kitu ni 14.7 kwa 1. Ukishuka hadi 12.5 au chini, mafuta ya ziada hufyonza joto na kuilinda turbini, ambayo huvumilia gesi za nyuzi 1,000 hivi. Lakini mafuta hayo yasiyoungua vizuri huzaa kaboni monoksidi, na vipimo vya barabarani vinazidi kubana. Euro 7, sheria mpya ya moshi ya Ulaya, inaanza kwa aina mpya za magari madogo tarehe 29 Novemba 2026, na kwa magari yote mapya mwaka mmoja baadaye. Ukilazimika kubaki kwenye 14.7 unapoteza asilimia chache za nguvu moja kwa moja, ila hasara kubwa ni kwamba shinikizo la turbo lazima lipunguzwe ili turbini isiungue. Wahandisi wana dawa zao: chumba kidogo cha kuwashia juu ya silinda, kama Nettuno, maji ya kunyunyiza, kama M4 GTS ya 2016 iliyofika 500 PS, ekzosi iliyozungushiwa maji. Gari lisilo na hata dawa moja kati ya hizo, ukalikisia kuwa litapita toleo lake la zamani kwa petroli pekee, umekisia kwa moyo.

Giaboksi ndiyo hakimu

Mfano ulio wazi kuliko yote uko kwenye M3 ya sasa. Injini ni moja, ujazo ni mmoja. Yenye giaboksi ya kubadilisha kwa mkono ina 480 PS na Nm 550. Yenye otomatiki ya gia nane, Competition, ina 510 PS na Nm 650. Nm 100 zimebaki mlangoni. Si kwamba kila giaboksi ya mkono ni dhaifu: Cadillac CT5-V Blackwing inapitisha 668 HP na karibu Nm 893 kwenye Tremec TR-6060 ya gia sita. Inategemea umeweka ipi. Kwa giaboksi za kampuni ya ZF, jina lenyewe lina fununu: tarakimu za mwisho za 8HP50 au 8HP70 ni kama sehemu ya kumi ya torki iliyokusudiwa. Ukisikia gari jipya limebaki na giaboksi ileile, ongezeko la nguvu litatafutwa juu, kwenye mizunguko mingi, na torki itabaki ilivyo.

Haibridi: moja na moja si mbili

Haibridi ni gari lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, na hapa ndipo wengi huanguka. M5 ya 2024 ina V8 ya 585 PS na mota ya 197 PS. Jumla ni 782, ila gari limeandikiwa 727. C63 ina injini ya 476 PS na mota ya 204 PS, na jumla yake, 680, ndiyo iliyoandikwa. Kwa nini huyu amepewa zote na yule amekatwa 55?

Anza kwa kuangalia mota ilipokaa. Ya M5 iko ndani ya giaboksi, kwa hiyo inazunguka pamoja na injini, na kila kinachotoka kwa wote wawili kinapita kwenye gia zilezile, ambazo kikomo chake kimeandikwa kwa namba nzima ya kupendeza: Nm 1,000. Kilele cha mota na kilele cha V8 si lazima vikutane kwenye mzunguko mmoja. Ya C63 iko kwenye ekseli ya nyuma na ina gia zake mbili, haiombi ruhusa kwa giaboksi ya mbele. Kwa hiyo mota ikiwa nyuma, jumlisha. Ikiwa ndani ya giaboksi, jumlisha kisha kata. Kwa M5 kilichobaki ni asilimia 93.

Baada ya hapo uliza farasi hao wanadumu muda gani. Mota ya C63 inatoa kW 150 kwa sekunde 10. Ya kudumu ni kW 70, maana betri ni ya kilowati-saa 6.1 tu. Kwa hesabu nyepesi, 680 PS za kwenye karatasi zinakuwa 571 zikishapita sekunde hizo. Sedani za umeme mtupu zimelifikisha jambo hili mbali zaidi. Porsche Taycan Turbo GT ina kW 580 za kawaida, kW 760 za kuondokea kwa kasi, na kW 815 zikipimwa kwa sekunde mbili. Namba tatu, gari moja, na zote za kweli. Kwenye hati za Kanuni 85 utakuta ya nne, nguvu ya dakika 30, ambayo iko chini mno. Akiivujisha mtu asiyejua, siku hiyo mtandao mzima unaomboleza kuwa gari limepunguzwa.

Saa inasema nini

Prototaipu zikianza kurekodiwa, watu hukimbilia muda wa 0 hadi 100. Ni shahidi mbovu. Gari la kilo 2,000 likiongeza kasi kwa kiwango sawa na mvuto wa dunia, linapofika kilomita 50 kwa saa linahitaji kW 273 tu kwenye magurudumu. Za ziada zinachoma mpira. Ushahidi: M5 Competition ya 625 PS ilitangaziwa sekunde 3.3, na mrithi wake wa 727 PS, mwenye uzito wa kilo zaidi ya 2,400, akatangaziwa 3.5.

Tumia 100 hadi 200, ambako tairi hazilalamiki tena. Tuseme gari na dereva ni kilo 2,000, na limetumia sekunde 7.5. Nishati iliyoongezeka ni megajuli 2.31, gawanya kwa 7.5, unapata kW 309. Ongeza upepo, kama kW 37 kwa wastani. Tairi, kW 10. Magurudumu na shafti zinazozungushwa, kW 12. Jumla kW 368 barabarani. Zinazopotea kati ya injini na tairi ni kama asilimia 13, kwa hiyo kW 423 kwenye injini. Lakini hizo ni za wastani, na injini haikai kileleni muda wote. Gawanya kwa 0.94, unapata kW 450, yaani 612 PS.

Pima udhaifu wake pia. Sekunde 0.3 za makosa ni farasi zaidi ya 20. Mteremko wa asilimia 1, ambao jicho halioni, unachangia kW 8. Baya zaidi ni video ya dashibodi: spidomita za magari zimepigwa marufuku kuonyesha pungufu ya kasi halisi, kwa hiyo huzidisha. Ikizidisha kwa asilimia 3, nishati uliyohesabu imezidi kwa 6, na farasi 30 na ushee wamezaliwa hewani. Hesabu hii ifanyike kwa kifaa cha GPS, pande zote mbili za barabara.

Karatasi na picha

Marekani, kampuni hupeleka kwa NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani, maelezo ya kusoma namba za VIN (namba za utambulisho wa gari) za modeli zijazo, na humo mara nyingi nguvu ya injini imeandikwa wazi. Ulaya, hati za usajili huandika kilowati. Kwenye picha, kibandiko kinachosema gari ni la majaribio ya haibridi huwekwa kwa ajili ya waokoaji, hivyo hakuna wa kukificha. Usidanganywe na diski kubwa za breki. Zinazungumzia uzito na kasi ya mwisho kuliko nguvu.

Tujaribu sasa kukisia moja. Sedani ina lita 3.0 ya turbo, mstari mwekundu 7200, kibandiko cha haibridi, kifuniko cha chaji ubavuni nyuma, giaboksi ya gia nane yenye mota ndani. Kwenye mizunguko 6300 ipe injini Nm 191 hadi 205 kwa lita: kW 378 hadi 406. Mota ya kW 145 inafanya 523 hadi 551. Kata asilimia 7. Zinabaki kW 486 hadi 512, yaani 661 hadi 696 PS. Tuseme kaka yake mkubwa ni ile M5 ya kW 535, kwa hiyo nafasi ipo, ila toleo la kwanza litakaa upande wa chini ili la pili na la tatu yapate pa kupanda, kama M5 ya F90 ilivyotoka 600 ikaenda 625 kisha 635. Andika 665, kosa la farasi 15 kila upande. Na picha nyingine ikija kuonyesha ubavu ule wa nyuma hauna kifuniko cha chaji, betri ni ndogo, kW 145 hazipo, na hesabu inaanza upya kutoka kwenye injini.